Paa la Msonobari wa Bluu

Kila asubuhi, kabla hajatundika mkoba wake msumarini, alikwenda kwenye marundo ya mbao, akachagua ubao mmoja wa katikati, akauvuta nje kidogo, akainama na kuuwekea shavu. Alitulia hapo macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani. Ubao ukiwa wa baridi, bado ulikuwa na maji tumboni. Ukiwa vuguvugu, umekauka au umekaribia. Kisha alinyooka, mkono kiunoni, akahamia rundo la pili. Madereva wa malori waliokuwa wageni pale walidhani mama wa watu kapungukiwa akili, au anaziaga mbao kabla hazijauzwa. Wenyeji walimwita Bi Shavu, na jina lilimganda hata bosi akasahau lile alilomwajiri nalo.

Kazi yake ilikuwa kukausha. Alikuwa ameifanya tangu bosi huyu akiwa bado mtoto wa bosi, anakimbizana na mbwa kwenye vumbi la msumeno. Yadi ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, uwanja mrefu wenye banda la mashine ya randa upande mmoja na pipa kubwa la dawa ya mchwa upande wa pili. Mbao zilizoingia pale zilikuwa laini, za kujengea: saipresi na msonobari. Saipresi haikumsumbua. Ilikuwa na harufu kali ya kupanda puani, wadudu waliiogopa, na ilikauka kwa adabu. Msonobari ndio uliokuwa mtoto mtundu. Ukiuharakisha, unapinda. Ukiuchelewesha, unaota ukungu. Lakini ukiulea vizuri unashika msumari bila kupasuka na unakunywa dawa kuliko mwenzake, na ndiyo maana mafundi wa kenchi, wale wanaounda pembetatu za kubeba mabati, waliugombania.

Kuulea maana yake ilikuwa kupanga. Safu moja ya mbao, kisha vijiti vya kuziachanisha, kisha safu nyingine, kisha vijiti tena, upepo upite kila mahali. Baada ya wiki chache, unapangua na kupanga upya, za chini zije juu. Ungemwona jioni anavyoshuka kwenye kiti, kwa awamu, kwanza mikono, kisha kiuno, kisha yeye mwenyewe, ungejua ni marundo mangapi yamepita mgongoni mwake. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini alikuwa amechoka. Si uchovu ule unaoondoka kwa usingizi. Ulikuwa umemkaa mwilini kama mpangaji sugu.

Na upangaji aliujua. Tangu mumewe afariki alikuwa amehama nyumba nyingi mno, hata akawa anaweza kufunga vyombo huku anaongea na wageni na wageni wasijue. Sasa aliishi na binti yake katika chumba kimoja kwenye safu ya vyumba, pazia likitenganisha vitanda viwili. Binti alikuwa amemaliza chuo kikuu, akawa anasubiri kazi. Alikuwa msichana mkimya, asiyetoka bila kitabu kwapani, anayeona haya hata kumwomba muuza duka chenji yake. Mama mwenye nyumba aliwapenda wote wawili, na ndiyo maana aliwaambia kwa upole:

"Mama binti, mwanangu anaoa. Hana pa kumpeleka mwenzake. Mvua zikianza nitakihitaji kile chumba. Mpaka hapo, kaeni kwa amani."

"Hamna neno," alijibu Bi Shavu. Usiku ule alilala chali, macho darini.

Kiwanja alikuwa nacho. Kuta alikuwa nazo pia, vyumba viwili na sebule, zimesimama wima bila kofia. Lakini zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa. Mvua ikizikuta bila paa, zingerudi kuwa tope, na yeye angekuwa hana chumba cha kupanga wala kuta za kuezeka. Hilo alilijua, binti alilijua, na kila aliyepita njia ile alilijua.

Msaada ulitokea pale ambapo hakuutegemea. Miaka mingi Bi Shavu hakuwa amechukua likizo, kwa sababu kila alipoondoka mbao zilipinda na kila aliporudi alilaumiwa. Siku moja bosi alimkuta amekaa juu ya gogo, anajichomoa kibanzi kidoleni.

"Bi Shavu, likizo zako zimekuwa nyingi kuliko mbao za humu ndani. Ukizichukua zote, utarudi nimeshazeeka mimi."

"Basi sitarudi."

"Nisikilize kwanza. Nikupe mbao badala yake?"

Alimtazama aone kama ni utani. Haukuwa utani.

"Nipe mbao," alisema.

Alipewa kutoka mzigo mpya, msonobari mtupu, mbichi hata ukiubonyeza ulitoa jasho. Alijua magogo yake yalilala msituni muda mrefu kabla ya kupasuliwa, kwa hiyo huenda baadhi yalikuja na ugonjwa wa kuoza ndani. Lakini mtu wa kupewa hachagui sana. Aliupanga nyuma ya banda la mashine, penye upepo, safu kwa safu, vijiti kwa vijiti, kama anayemlaza mtoto aliyesumbua. Wenzake walipoliona lile rundo walisema leo Bi Shavu kajipangia mwenyewe. Alicheka kidogo.

Siku chache baadaye alifika kazini, akaweka shavu kwenye rundo la kwanza: baridi. La pili: baridi. Akaenda kwenye saipresi ambayo juzi tu aliipitisha kuwa kavu, nayo ikawa baridi kama chuma cha asubuhi. Alisimama akiduwaa. Mpiga randa ndiye aliyemwona anavyotetemeka, akamgusa mkono.

"Mama, mbao hazina kosa. Wewe ndiye unayewaka."

Homa ile ilimlaza mwezi mzima na ushee. Mwanzo hospitali, kisha nyumbani, binti akimnywesha uji na kumsomea kitabu ambacho alikuwa haelewi hata nusu yake, lakini sauti ilimtuliza.

Sasa, pale yadi alikuwapo mlinzi, na mlinzi huyo alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Bi Shavu. Bonge la mtu, mwenye kicheko cha kutikisa bati, mwenye moyo mweupe na mikono inayotangulia akili. Jioni moja wingu lilipita, likadondosha matone machache. Mlinzi aliruka kitini. Mbao za shemeji! Alitafuta turubai, akakuta halitoshi kuzunguka rundo lililopangwa kwa nafasi nafasi. Akafikiri. Akachomoa vijiti vyote, akazibana mbao kama biskuti kwenye pakti, mwizi asiweze kuchomoa hata mmoja, akazungushia turubai juu, chini na ubavuni, akafunga kamba mafundo ya kufa mtu. Kisha akakaa, akajifuta jasho, akajiona amelipa wema wote aliowahi kutendewa na shemeji yake.

Bi Shavu aliporudi, nguo zikimpwaya, kitu cha kwanza alichokiona nyuma ya banda ni lile turubai.

"Shemeji, nani kafunga hivi?"

"Mimi, shemeji! Kwa mikono yangu hii. Hata panya hakupita."

"Hata upepo?"

"Hata upepo!" alisema kwa fahari.

Bi Shavu alishika ukingo wa banda.

"Na vijiti?"

"Vijiti gani?"

"Vilivyokuwa katikati ya mbao."

"Aa, vile vitakataka? Nilichemshia chai. Shemeji, vijiti vile vinawaka, hujapata kuona."

Bi Shavu alifungua fundo la kwanza, kucha zikamshinda, mlinzi akamsaidia huku bado akitabasamu. Turubai lilipofunuka, joto lilitoka kama pumzi ya mgonjwa, na harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo. Msonobari wake haukuwa tena na ule weupe wa maziwa. Ulikuwa wa bluu. Bluu ya wino uliomwagika, michirizi kwa michirizi, kutoka ncha hadi ncha.

Tabasamu la mlinzi lilikufa taratibu.

"Shemeji," aliuliza kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "zilikuwa hivi tangu mwanzo?"

Angekuwa na nguvu, Bi Shavu angemvaa. Alikaa chini palepale, akashika tama, akatazama likizo zake zote.

Fundi wa kenchi aliitwa siku ileile. Walimwita Fundi Ngoja, kwa sababu hakuwahi kupiga msumari bila kusema "ngoja" kwanza na kupima tena. Mapaa yake yalikuwa hayajawahi kuanguka, na alitaka yabaki hivyo. Alizunguka rundo, akainua ubao, akaunusa, akauweka chini kama mtu aliyeshika kitu cha marehemu.

"Bi Shavu, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini hizi zimekufa."

"Hazijafa. Zimepakwa rangi tu."

"Na nani?"

"Na ukungu. Huu wa bluu unakula sukari ya mti, hauli mti wenyewe."

"Leo anamaliza sukari, kesho anaanza kikombe."

"Zikikauka, ukungu unakufa. Nimeziona nyingi, Fundi. Wateja wanazikataa kwa sura, si kwa nguvu."

"Sawa. Na zile za magogo yaliyolala msituni? Zimo humu humu. Utaapa kwamba zote nzima?"

Bi Shavu alitazama rundo. Ingekuwa rahisi kuapa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika, kama watu wanaojadiliana.

"Siwezi kuapa zote," alisema.

"Unaona? Paa likidondoka, hakuna atakayesema ukungu. Watasema Ngoja."

Alikwishageuka kuondoka. Bi Shavu alimwambia mgongo wake:

"Basi zijaribiwe. Mmoja mmoja. Utakaoshindwa, nitautupa mwenyewe."

Fundi alisimama. "Ngoja," alisema.

Walipanga matofali mpaka kimo cha goti, huku na huku, wakaacha nafasi katikati kubwa kuliko ile ambayo ubao ungekaa kwenye kenchi. Kila ubao ulipita kwanza kwa Bi Shavu, aliyeuchoma kwa ncha ya msumari. Msumari ukizama kama kwenye jibini, ubao unatupwa moja kwa moja. Ukigoma, unalazwa juu ya matofali, mtu mzito anasimama katikati na kujirusha. Na mtu mzito kuliko wote pale yadi hakuhitaji kutafutwa.

"Panda," Bi Shavu alimwambia shemeji yake.

"Mimi?"

"Kuna mwingine?"

Habari zilienea mpaka kituo cha mafuta. Wapakiaji waliacha mzigo, mpiga randa akazima mashine, hata bosi alisogeza kiti mlangoni.

"Mlinzi, leo kitambi kimepata ajira!"

"Ruka bwana, usijionee huruma!"

"Nyamazeni, ninyi mnafikiri hii ni ngoma?" alijibu mlinzi, kisha akaruka. Ubao uliinama, ukalia, ukarudi. Fundi Ngoja akaupitishia jicho, akautikisia kichwa, ukawekwa kulia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Umati ukaanza kuhesabu kwa sauti, mlinzi akaanza kuruka kwa madaha, mikono kiunoni. Ndipo ukaja ubao mmoja mzuri wa sura, wenye bluu kidogo kuliko wenzake, na msumari ulikuwa umegoma. Alipotua juu yake haukulia wala kutoa nyuzi. Ulikatika pwaa, kama karoti, na bonge zima likaenda chini kwa makalio, vumbi likatimka.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mlinzi, akiwa bado chini, alimtazama Bi Shavu.

"Shemeji, nimelipa?"

"Bado. Inuka."

Hata yeye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu homa, na mbavu zikamuuma. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkato. Msumari wake ulikuwa umedanganywa. Kwa hiyo ungeweza kudanganywa tena.

Walimaliza jua likielekea kuzama. Za kulia zilikuwa nyingi kuliko za kushoto, lakini hazikutosha paa lililokusudiwa. Fundi Ngoja alichora mavumbini kwa kijiti, akafuta kwa kiatu, akachora tena.

"Sebule iache. Tuezeke vyumba viwili kwa mteremko mmoja, maji yaende nyuma. Hapo tunapungukiwa na ubao mmoja tu."

Ubao huo mmoja ulikuwapo. Ulikuwa umewekwa pembeni, si kulia wala kushoto, kwa sababu mlinzi aliporuka ulitoa mlio usiopendeza lakini haukuvunjika. Alirudia, ukalia tena, haukuvunjika. Bi Shavu aliuchoma kwa msumari mahali pengi. Aliugonga kwa kifundo cha kidole. Hakupata jibu.

"Huu je?" aliuliza Fundi.

Bosi alikuwa ameshaingia ndani. Ubao mwingine wowote pale yadi ulikuwa mbichi au una mwenyewe, na Bi Shavu alishakula likizo zake zote.

"Weka," alisema.

Mlinzi alibaki nyuma wengine walipoondoka. Alikuwa anachechemea, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Shemeji, mimi nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Afadhali unitukane."

"Nguvu za kukutukana sina. Nisaidie kuzipanga. Na vijiti, tafadhali."

Alipanga yeye, safu kwa safu, na kila alipoweka kijiti alimtazama shemeji yake aone kama kiko sawa. Bi Shavu alikuwa amekaa juu ya gogo, anaitikia kwa kidevu.

Zilipopata upepo wa kutosha walizizamisha kwenye pipa la dawa, zikatoka na rangi ya kijani juu ya ile ya bluu, sura ambayo Fundi Ngoja alisema asingeitamani hata kwa adui. Kisha zikapanda. Mlinzi alizibeba begani zote kutoka yadi mpaka kiwanjani, hakutaka mkokoteni. Binti alishika ncha ya kamba ya kupimia, kimya, akitaja vipimo kwa sauti ambayo Fundi ilimbidi ashuke ngazi mbili ili aisikie. Binti alikuwapo wakati ubao ule wa mlio unapandishwa, na alimwona mama yake anavyoufuata kwa macho mpaka ulipogongelewa msumari wa mwisho, kwenye kenchi ya chumba cha kulala, upande wa dirisha. Mabati yalifuata. Sebule ilibaki wazi, mbingu yake mwenyewe juu.

Walihamia siku ambayo mtoto wa mama mwenye nyumba alianza kupaka rangi chumba walichokiacha. Vyombo vilijaa kwenye mkokoteni mmoja. Wakati wa kupanga vitanda, binti alianza kusukuma chake kuelekea dirishani, apate mwanga wa kusomea. Bi Shavu alimzuia kwa mkono.

"Hapana. Hapo nalala mimi."

"Mama, wewe hupendi baridi ya dirisha."

"Siku hizi naipenda."

Binti aliinua macho juu, akatazama kenchi, kisha akatazama kitanda cha mama yake. Alisogeza chake upande wa pili.

Mvua ilianza alasiri ileile, bila matone ya kutangulia. Ilipiga bati kama changarawe kutoka kwenye lori. Walikaa kila mmoja kitandani kwake, hawasikiani, wakitazama juu. Hakukuwa na dari, kwa hiyo mbao zote zilionekana, na ile michirizi ya bluu ilikimbia kutoka ukuta mpaka ukuta. Huko sebuleni maji yalikuwa yanaingia yatakavyo. Upepo ulisukuma bati, mbao zikajinyoosha, na mahali fulani upande wa dirisha kitu kililia, mara moja, kisha kikatulia. Bi Shavu hakusogea. Alikuwa ameshavua viatu.

Ilichukua muda mpaka mvua ipungue kiasi cha mtu kusikika. Binti alikuwa na kitabu mapajani, hakijafunguliwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuyameza maswali yake, na mama yake alishazoea kutoulizwa. Safari hii aliuliza:

"Mama, huogopi kulala chini yake?"

Bi Shavu alijilaza, mikono kwanza, kisha kiuno, kisha kichwa. Alitazama ubao uliokuwa juu yake.

"Naogopa," alisema. "Lakini kuhama nimechoka zaidi."